Kuishika Sabato: kazi yote iko Ijumaa

Sabato huharibikia Ijumaa. Mtu anayejikuta Jumamosi saa 2 asubuhi akipiga pasi shati la kanisani, akitafuta tokeni za umeme au akiloweka maharagwe hakukosa nia njema, alikosa mpango. Waadventista Wasabato wanaosema Kiswahili huiita Ijumaa siku ya maandalio, jina lililotoka Luka 23:54, na jina hilo lina maelekezo yote ndani yake. Wayahudi wana msemo wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao, wenye maana hiyohiyo: aliyehangaika siku ya kutangulia Sabato ndiye atakayekula siku ya Sabato.

Mwongozo huu unafuata saa zinavyokwenda, kuanzia Alhamisi usiku hadi Jumamosi nyota zinapotoka. Sheria za Kiyahudi na desturi za Kisabato zinakwenda pamoja kwa sehemu kubwa ya njia, kisha zinaachana jikoni, kwenye moto na kwenye pesa. Tutaonyesha kila mahali zinapoachana, maana anayechanganya mbili hizo bila kujua huishia kujitwika mzigo ambao hakuna aliyemtwika.

Siku inaanzia magharibi

Mwanzo 1 inahesabu jioni kwanza, halafu asubuhi. Walawi 23:32, ikisema juu ya Siku ya Upatanisho, inaweka mpaka wazi: tangu jioni hata jioni. Kwa hiyo Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, wala si saa 6 usiku. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa sana hapa. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua likizama, na kwa desturi ya Pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Ukilisikia hilo, umeshaielewa kalenda ya Kiebrania.

Linalotatiza ni majina. Jumamosi kwa Kiswahili ni siku ya "mosi", ya kwanza baada ya Ijumaa, na wapo wanaouliza inakuwaje iitwe siku ya saba. Jibu limejificha katika Alhamisi. Neno hilo ni la Kiarabu na maana yake ni siku ya tano, ikihesabiwa kuanzia Jumapili. Juma letu basi lina siku mbili za tano, Jumatano kwa hesabu ya Kiswahili na Alhamisi kwa hesabu ya kale, na kwa hesabu hiyo ya kale Jumamosi ni ya saba. Waarabu huiita as-Sabt, Waebrania Shabbat. Shina ni moja.

Sasa tafuta saa yako halisi ya magharibi, wala usibahatishe. Watu hudhani kwamba karibu na ikweta jua huzama saa ileile mwaka mzima. Nairobi huzama kwenye saa 12:20 jioni mwanzoni mwa Novemba, na kwenye saa 12:50 katikati ya Februari. Dar es Salaam ni kati ya saa 12:13 hivi, mwezi Mei na Juni, na saa 12:48 mwishoni mwa Januari. Mwanza iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua lake huchelewa kwa wastani wa dakika 25 nyuma ya Dar, japo saa za ukutani ni zilezile. Anayetumia ratiba ya mji mwingine hukosea kwa nusu saa nzima. Kwa walio London tofauti ni kubwa mno: Ijumaa ya katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, na ile ya katikati ya Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Mwajiri wa huko aambiwe mapema, Septemba au Oktoba, kwamba Ijumaa za majira ya baridi utahitaji kutoka mapema. Ukimwambia wiki ileile utaonekana mtu wa visingizio.

Wayahudi hawasubiri jua liguse upeo. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya kuzama. Yerusalemu desturi ni dakika 40. Wasabato huhesabu kuzama kwenyewe, lakini nyumba iliyopangwa vizuri huwa imetulia angalau nusu saa kabla. Nusu saa hiyo si ya kupambia. Ndiyo inayobeba foleni ya barabarani, maji yaliyokatika ghafla na mtoto aliyepoteza kiatu.

Alhamisi usiku na Ijumaa mchana

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuanza Ijumaa mchana. Mtu anayetoka kazini saa 11 jioni hawezi kwenda sokoni, kupika, kufua na kuoga kabla ya saa 12:30. Kwa hiyo mafungu mawili ya kazi yahamie nyuma. Ununuzi wote ufanyike Alhamisi, na kufua kufanyike kabla ya Ijumaa ili nguo ziwe zimekauka. Nguo iliyoanikwa Ijumaa ikinyeshewa itakuwa kwenye kamba Sabato nzima. Alhamisi usiku, kabla ya kulala, loweka nafaka.

Ijumaa zibaki kazi zisizoweza kutangulia: kupika, kudeki, kujaza maji kwenye ndoo na madumu, kupiga pasi, kung'arisha viatu, kuoga. Ingiza tokeni za umeme za kutosha siku mbili. Angalia mtungi wa gesi. Chaji taa na simu, kisha nenda kwenye kengele za simu na ufute ile ya kila siku ya saa 11 alfajiri. Kwa Myahudi ni muhimu zaidi, maana yeye haigusi simu siku hiyo na kengele italia hadi ichoke. Kwenye friji legeza balbu ya ndani kama unafuata sheria ya Kiyahudi, la sivyo kila ukifungua mlango unawasha taa.

Madeni na malipo yamalizwe mchana. Unayemdai mpigie Alhamisi, na anayekudai mlipe Ijumaa, ili asikugongee mlango Sabato. Hapa ndipo njia zinapoachana juu ya pesa. Msabato huandaa bahasha ya zaka na sadaka siku ya Ijumaa, akaandika jina na kiasi, ili kesho iwe ya kutoa tu. Myahudi hashiki pesa kabisa siku ya Sabato. Yeye hutia sarafu kwenye kikopo cha maskini dakika chache kabla ya kuwasha mishumaa.

Chungu cha Sabato

Kanuni ya jikoni inatoka Kutoka 16. Siku ya sita mana ilianguka maradufu, na watu wakaambiwa waoke na kutokosa siku hiyohiyo, kilichobaki kiwekwe hadi asubuhi. Kila jamii ya Kiyahudi imebuni chungu chake cha kukaa juu ya moto hafifu usiku kucha. Wa Ulaya Mashariki wana cholent, ya maharagwe, shayiri, viazi na nyama. Wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati wana hamin. Sisi tuna makande, na hakuna chakula kinachofaa zaidi kwa kazi hii.

Kwa watu 6, chukua vikombe 3 vya mahindi makavu yaliyokobolewa na kikombe 1 na nusu cha maharagwe. Loweka kila kimoja peke yake kwa saa 8 hadi 12. Ijumaa asubuhi mwaga maji ya kulowekea, anza kuchemsha mahindi, na baada ya saa moja ongeza maharagwe. Yaache yachemke kwa nguvu, povu likipanda, angalau dakika 10. Hatua hii usiiruke hata kidogo. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na maji yanayochemka hasa; moto hafifu wa saa nyingi, usiofikisha mchemko, hauiondoi, na tumbo la familia nzima linaweza kuvurugika vibaya. Baada ya hapo punguza moto hadi vyote viive, kama saa 1 na nusu hadi 2 zaidi. Kaanga pembeni vitunguu 2, nyanya 3 na karoti 2, mimina, ongeza viazi 4 vilivyokatwa vikubwa, na chumvi iwe ya mwisho.

Kama chungu kitakaa kwenye moto usiku kucha, ongeza vikombe 2 vya maji juu ya kiasi ulichozoea. Kwa sheria ya Kiyahudi huruhusiwi kuongeza maji baridi kwenye chungu kilicho motoni wala kukoroga ndani yake Sabato ikishaingia, kwa hiyo makande yaliyokauka saa 9 usiku yataungua huku unayatazama. Vilevile usitie tui la nazi. Chakula cha nazi huchacha upesi kikipoa, na hakuna aibu kama kumkaribisha mgeni baada ya ibada kwa wali uliochacha. Anayetaka nazi aipike kwa mlo wa Ijumaa usiku, uishe usiku uleule. Na Myahudi akitia nyama humo, maziwa na siagi visiguse chungu hicho.

Chakula kisichokaa motoni kipozwe haraka, kigawanywe kwenye vyombo vifupi badala ya sufuria moja kubwa, na kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Sufuria ya lita 8 ikiachwa na kifuniko mezani hubaki vuguvugu hadi usiku wa manane, na uvuguvugu ndio wadudu wa kuchachusha wanaoupenda.

Mikate ya Sabato ni miwili, mizima, haijakatwa, kwa ukumbusho wa mana iliyoanguka maradufu. Kwa mikate 2 mikubwa: unga wa ngano kilo 1, hamira kijiko 1 cha chakula, sukari gramu 100, chumvi vijiko 2 vya chai, mayai 2, mafuta mililita 100, na maji ya vuguvugu mililita 400 hadi 450, ukiyatia kidogokidogo. Kanda dakika 10, acha uumuke saa 1 na nusu, suka kila donge kwa mishipi mitatu kama nywele, acha tena dakika 40, paka yai, oka dakika 30 hadi 35 kwenye joto la nyuzi 180. Mkate ukipasuka ubavuni, uliuharakisha kwenye umuko wa pili.

Moto

Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto makaoni siku ya Sabato. Wayahudi wanaifuata kwa neno lake: kiberiti hakiwashwi, gesi haiwashwi, swichi haiguswi. Lakini moto uliowashwa kabla unaweza kuendelea wenyewe, na ndipo linapokuja jambo ambalo mpishi wa jiko la mkaa atalielewa kuliko mpishi wa London. Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa mnamo mwaka 200, inasema kuhusu majiko ya makaa kwamba chungu kisiachwe juu yake hadi makaa yaondolewe au yafunikwe jivu. Sababu iliyotolewa ni ya mtu anayejua tabia za watu: makaa mekundu yakiwa wazi, utashawishika kuyachochea. Jivu ni la kupunguza moto, na zaidi ni la kukukumbusha.

Fanya hivi. Subiri mkaa wote uwake na uanze kuwa mweupe. Mkaa mweusi ulioachwa katikati utatoa moshi baadaye. Tandaza jivu kavu lililochekechwa, unene wa kidole kimoja. Weka chungu, funika, ziba kifuniko kwa kitambaa kizito. Wenye gesi hufanya jambo hilohilo kwa bati: linawekwa juu ya jiko, linafunika moto, na chungu kinakaa juu ya bati. Ukikiondoa chungu na kutaka kukirudisha, kuna masharti: chakula kiwe kimeiva kabisa, bado ni cha moto, na uwe ulikusudia kukirudisha, bila kukiachia mkononi.

Na hili lisomwe mara mbili. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba wanamolala watu, wala ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, liwe na jivu au lisiwe nalo. Hewa ya mkaa haina harufu na huua watu usingizini. Liweke nje chini ya kibanda, au jikoni palipo wazi pande mbili. Kama huna mahali hapo, achana na moto: chemsha chakula Ijumaa hadi kiive, kiingize chungu kikiwa bado kinachemka ndani ya kapu lililojazwa matambara au pamba, kabla jua halijazama, ufunike kwa mto. Kitakuwa cha moto kwa mlo wa usiku. Usikitegemee kwa mlo wa mchana wa kesho yake.

Wasabato hawajifungi kwa kanuni hizi za moto. Kwao upishi wenyewe ndio wa Ijumaa, na kupasha chakula kilichopikwa tayari hakuna neno. Mpaka wao ni huu: kupasha kusigeuke kupika. Aliyeanza na kupasha wali akaishia anakatakata kachumbari, anakaanga samaki na kusonga ugali ameshatoka kwenye Sabato bila kuona mlango.

Kazi 39

Neno la Kiebrania katika amri ya nne ni melakha, na halimaanishi jasho. Torati inaiweka amri ya Sabato kando ya maelekezo ya kujenga hema ya kukutania (Kutoka 31 na 35), na marabi wakasoma hapo kwamba kazi zilizojenga hema ndizo zinazokomeshwa. Mishna inazihesabu 39: 11 za kuufikia mkate, toka kulima hadi kuoka, 13 za kuufikia mshono, toka kukata manyoya ya kondoo hadi kurarua ili kushona, 9 za ngozi, toka kuwinda hadi kuandika na kufuta, na 6 za kujenga, kubomoa, kuzima, kuwasha, kumalizia chombo, na kubeba kitu kutoka nyumbani kwenda njia ya wote.

Kwa hiyo kusogeza kabati zito chumbani si melakha, na kuandika herufi mbili ni melakha. Mgeni hushangaa, lakini kinachosimamishwa ni mkono wa mwanadamu unaogeuza dunia iwe kitu kingine. Kubeba nje kunatatuliwa kwa eruvu, mpaka wa nguzo na waya unaozunguka mtaa na kuufanya kisheria uwe kama ua mmoja. Pasipo eruvu, hata funguo mfukoni na mtoto mgongoni huwa tatizo. Umbali wa kutembea nje ya mji nao una kikomo, dhiraa 2,000, karibu kilomita moja. Ndio ule mwendo wa Sabato wa Matendo 1:12.

Msabato hana orodha hii. Anaongozwa na Isaya 58:13: kutofanya anasa zako, kutofuata njia zako, kutosema maneno yako mwenyewe. Ni rahisi kubeba na ni vigumu kupima, na ndiyo maana kila nyumba ya Kisabato ina mjadala wake kuhusu mpira wa watoto, habari za televisheni na kusomea mtihani. Ushauri wetu: kateni mashauri hayo kama familia katikati ya juma, Jumanne au Jumatano, si Sabato yenyewe mtoto akiwa ameshashika mpira. Siku hiyo lolote mtakaloamua litasikika kama adhabu.

Kuifungua

Kwa Wasabato, familia hukusanyika sebuleni jua linapozama: wimbo mmoja au miwili, fungu la Biblia, kila mtu ashukuru kwa jambo moja la juma, sala, kisha "Sabato njema". Dakika 20 zinatosha. Baba anayegeuza ufunguzi kuwa mahubiri ya saa nzima, chakula kikipoa na watoto wakisinzia, anawafundisha watoto kuiogopa Ijumaa.

Kwa Wayahudi, mama wa nyumba huwasha mishumaa isiyopungua miwili, huzungusha mikono mara tatu kuelekea kwake, hufunika macho na kusema baraka. Akishaifungua mikono, Sabato imeingia. Baada ya sala za jioni inakuja kidushi, baraka juu ya kikombe cha divai au maji ya zabibu. Kikombe kisipungue mililita 86, na aliyesema baraka anywe zaidi ya nusu yake. Kisha kunawa mikono kwa chombo, kunyamaza hadi mkate ukatwe, kuuchovya kwenye chumvi. Milo ya Sabato ni mitatu: Ijumaa usiku, Jumamosi mchana, na mmoja mwepesi alasiri. Hivyo ndivyo wanavyoishika hata Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanza mwaka 1919 kwa Semei Kakungulu, wakiimba Zaburi kwa Kiganda.

Jumamosi yenyewe

Ratiba ya Kisabato inajulikana: Shule ya Sabato asubuhi na lesoni yake, ibada kuu, chakula, vipindi vya alasiri, kufunga Sabato. Ratiba hiyo ni njema, na pia ndiyo inayowachosha watu kuliko kazi. Mzee wa kanisa mwenye vikao viwili baada ya chakula, kwaya inayofanya mazoezi hadi saa 11, mama wa huduma anayepakua chakula cha watu 80: hao wanarudi nyumbani wamechoka kuliko Alhamisi. Kanisa linaloijali amri hii lihamishie vikao vya mipango na bajeti Jumapili, na zamu za chakula zizunguke ili kila mtu akae Sabato tatu kati ya nne. Alasiri moja bila kipindi, ya kutembea kando ya ziwa au kumtazama mgonjwa, si Sabato iliyopotea.

Simu ni mlango mpana. Wasabato wengi husoma Biblia na lesoni humo, na kati ya Biblia na kundi la biashara kuna kidole kimoja tu. Beba kitabu cha karatasi, au zima data Ijumaa jioni na uache simu kwa kupokea dharura.

Amri inasema pia juu ya watu wengine. Kutoka 20:10 inawataja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye ndani ya malango. Dada wa kazi akiachiwa vyombo vyote ili mwenye nyumba aende kuabudu, amri imevunjwa kwa mkono wa mwingine. Ukifunga duka lako lakini kijana wako akauza kupitia dirisha la nyuma, hujafunga. Wayahudi nao wamewekewa mipaka ya kumwambia asiye Myahudi awafanyie kazi. Swali rahisi la kujipima Ijumaa: nikipumzika mimi, nani atakuwa anatoka jasho kwa sababu yangu? Ng'ombe watakamuliwa, maana kumwacha mnyama na maumivu si pumziko. Lakini majani yao yakatwe Ijumaa.

Na uhai hauna mjadala. Sheria ya Kiyahudi inasema kuokoa maisha kunaiondoa Sabato: piga simu, endesha gari, washa moto, na anayechelewa ili aulize rabi amekosea. Yesu alijibu kwa mfano wa ng'ombe aliyetumbukia kisimani (Luka 14:5). Muuguzi wa Kisabato aliye zamu wodini anafanya kazi ya rehema. Anachoweza kufanya ni kuomba zamu zipangwe mapema, akajitolea kushika za Jumapili na sikukuu, ombi ambalo wenzake huwa wepesi kulikubali.

Wanaopumzika Jumapili

Wakristo walio wengi huishika siku ya kwanza kwa sababu ya ufufuo. Pumziko lake kisheria ni la baadaye kidogo: Kaizari Konstantino aliamuru mahakama na karakana zifungwe Jumapili mwaka 321, akawaacha wakulima waendelee na mashamba. Sheria ya Kanisa Katoliki leo inadai Misa na kujizuia na kazi zinazozuia ibada na furaha ya siku hiyo, na Misa ya Jumamosi jioni inahesabiwa kuwa ya Dominika. Kanisa la Tewahedo la Ethiopia linaziheshimu zote mbili. Mzozo wa muda mrefu juu ya Jumamosi ulikatwa kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob.

Kwa Mkristo wa Jumapili mbinu ni zilezile, zikisogezwa siku moja: Jumamosi iwe ya maandalio. Hatari yake ni tofauti. Jumapili ina mwisho usioonekana, na kuanzia saa 10 alasiri watu huanza kufua sare na kusahihisha madaftari ya Jumatatu. Weka saa ya kumalizia, uitamke kwa watu wa nyumbani, na sare zifuliwe Jumamosi.

Kuifunga

Wasabato huifunga jua linapozama, kwa wimbo na sala kama walivyoifungua. Wafike sebuleni kabla ya jua, si baada. Sabato inayofungwa kila mtu akiwa njiani haikufungwa.

Wayahudi husubiri nyota tatu ndogo zionekane pamoja. Hapa kwetu giza huingia upesi, na kwa hesabu inayotumiwa na wengi ni dakika 31 hadi 34 baada ya jua kuzama; London mwezi Juni ni zaidi ya saa moja. Ukijumlisha dakika 18 za Ijumaa, Sabato yao ina karibu saa 25. Ndipo inakuja havdala, utenganisho. Vitu vitatu viwe mezani: kikombe cha divai kilichojazwa hadi kumwagika, viungo vyenye harufu, na mshumaa uliosukwa wenye tambi zaidi ya moja. Kwa viungo, karafuu ndizo zinazotumika sana duniani, na kijiko kimoja cha karafuu kavu kutoka Pemba kikifungwa vizuri kwenye kikopo hudumu miezi. Baraka hufuatana hivi: divai, viungo, moto, utenganisho. Kwenye baraka ya moto kila mtu hunyosha vidole karibu na mwanga na kutazama kucha zake, ili mwanga uwe umetumika na si kutazamwa tu. Mwisho mshumaa huzimwa ndani ya divai iliyomwagika kwenye kisahani.

Vyombo vya mchana bado viko kwenye beseni. Vile vilivyohitajika kwa mlo wa alasiri viliruhusiwa kuoshwa. Vilivyobaki vilikuwa vya juma jipya, na sasa ndiyo zamu yake. Washa taa, chemsha maji.